Samora Machel: Kutoka Nachingwea hadi Ikulu ya Msumbiji

Samora Moisés Machel alizaliwa Septemba 29, 1933 katika kijiji cha Chilembene, mkoani Gaza, kusini mwa Msumbiji, katika familia ya wakulima. Alisomea uuguzi na kuajiriwa katika hospitali ya Lourenço Marques, ambako wauguzi weusi walilipwa chini ya wenzao weupe kwa kazi ileile. Mwaka 1963 aliondoka nchini kwa siri, akapitia Botswana hadi Dar es Salaam na kujiunga na FRELIMO.

Baada ya mafunzo ya kijeshi nchini Algeria, jina lake likafungamana na Nachingwea. Mji huo, uliopo mkoani Lindi, ulikua kutokana na mradi wa karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951. Ardhi ya Nachingwea na Ruponda ilikuwa imekwishaonja vita mwaka 1917, Waingereza na Wajerumani walipopigana kusini. Mradi ulipokufa, na reli ya kwenda Mtwara nayo ikafungwa, shamba lililojulikana kama Farm 17 lilitolewa na Tanzania kwa wapigania uhuru.

Hapo Machel alisimamia mafunzo ya maelfu ya vijana, wanaume kwa wanawake, waliojifunza silaha, siasa, kusoma na kulima chakula chao wenyewe, kabla ya kuvuka Mto Ruvuma. Mwaka 1966 alichukua uongozi wa jeshi baada ya kifo cha Filipe Magaia.

Gharama ilikuwa kubwa. Februari 3, 1969 Dkt. Eduardo Mondlane aliuawa kwa bomu jijini Dar es Salaam. Aprili 7, 1971 Machel alimpoteza mkewe, mpiganaji Josina, aliyefariki akiwa na umri wa miaka 25. Wakati huo Machel alikuwa tayari Rais wa FRELIMO, na hakuiacha kazi.

Mei 1975 alivuka Ruvuma na kuizunguka nchi yake hadi kusini. Juni 25, 1975 Msumbiji ikawa huru, naye akawa Rais wake wa kwanza. Alifariki Oktoba 19, 1986 katika ajali ya ndege huko Mbuzini, Afrika Kusini.

Nachingwea, mji uliozaliwa na mradi ulioshindwa, umebaki katika historia kuwa mahali ambapo uhuru wa taifa jirani uliandaliwa.