Rubani Aliyeukabili Upepo wa Mbisho

Sisi watu wa pwani hatumpimi nahodha kwa wingi wa maili peke yake. Kwanza twauliza: je, upepo ulikuwa wapi? Aliyetoka Unguja kwenda Lamu na kusi ikimsukuma nyuma, na aliyeipinga kusi hiyo hiyo kutoka Lamu kurudi Unguja, hawakusafiri safari moja. Kwa kipimo hicho nataka leo niwasimulie wasomaji wangu maisha ya Beryl Markham, bibi aliyekuwa rubani hapa Kenya. Na neno rubani, kama mjuavyo, lilikuwa letu la baharini kabla halijapanda angani.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa Kenya angali mtoto mdogo. Baba yake, Charles Clutterbuck, alifuga farasi huko Njoro, katika ardhi ambayo serikali ya kikoloni iliwagawia walowezi. Mama yake alirejea kwao, na mtoto akakua akicheza na kuwinda pamoja na watoto wa Kikalenjin. Mmoja wao, Arap Ruta, alikuja kufanya naye kazi miaka mingi, kwanza kwenye farasi, kisha kwenye ndege. Bibi huyu alipata sifa ya kufunza farasi wa mashindano kabla hajashika usukani wa ndege.

Mwaka 1931 alianza kufundishwa urubani na Tom Campbell Black. Mwaka huo huo mauti yalimpita karibu. Denys Finch Hatton, Mwingereza aliyekuwa na nyumba Takaungu, alimwalika waruke pamoja mpaka Voi katika ndege yake ndogo aina ya Gipsy Moth. Kwa masimulizi yake mwenyewe Beryl, mwalimu wake alimsihi asiende, naye akabaki. Tarehe 14 Mei 1931 ndege ile ilianguka Voi, ikawaua Finch Hatton na mtumishi wake Kamau. Jina la bwana limeandikwa vitabuni mara nyingi. La Kamau halitajwi sana, nami naona ni haki tulitaje.

Hata hivyo Beryl hakuacha. Alipata cheti cha kurusha ndege kwa malipo, akawa anachukua abiria, barua na dawa, na kuwatafutia wawindaji ndovu katika nyika za Ukambani. Kazi hiyo ilitaka kuijua hewa. Kule bara, jua likipanda, hewa huwa nyepesi na ndege huhitaji uwanja mrefu zaidi ili inyanyuke. Alasiri mawingu hujikusanya na kuirusha ndege ndogo huku na huku. Mvua ikinyesha, uwanja wa nyasi hugeuka tope. Mimi nimepanda ndege ndogo kwenda Lamu wakati wa kusi, nikiwa abiria tu, na mtikisiko wake naujua.

Safari iliyomtangaza duniani ilikuwa ya mwaka 1936. Mwaka 1932 Mmarekani Amelia Earhart alikuwa amevuka bahari ya Atlantiki peke yake kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa muda wa saa 15 hivi. Upande huo upepo mkuu wa bahari ile husaidia. Beryl alitaka kuuelekea upepo: kutoka Uingereza mpaka New York, peke yake. Jioni ya tarehe 4 Septemba aliondoka Abingdon katika ndege ya injini moja aina ya Vega Gull, isiyo na redio, ambayo ndani yake mlijazwa matangi ya mafuta. Usiku ule alikuta mvua, mawingu na upepo wa mbisho. Tangi moja lilipokwisha mafuta, injini ilinyamaza gizani, ndege ikateremka kuelekea mawimbi mpaka alipofungua tangi jingine.

Asubuhi aliiona nchi kavu, lakini injini ilianza tena kukohoa. Barafu ilikuwa imeziba tundu la kuingizia hewa katika tangi. Mwenye kuuza mafuta ya taa ataelewa mara moja: debe likitobolewa tundu moja tu, mafuta hukwama, hewa haina pa kuingilia. Ikambidi atue kwenye kinamasi huko Baleine, kisiwa cha Cape Breton, Kanada. Ndege ilizamisha pua yake matopeni, naye akatoka na jeraha la kipaji. Alikuwa angani zaidi ya saa 21.

Yeye alihuzunika kwa kuwa hakufika New York. Mji ule hata hivyo ulimpokea kwa shangwe, maana hakuna mwanamke aliyewahi kuvuka peke yake kwa upande ule. Lakini tarehe 19 ya mwezi huo huo mwalimu wake Campbell Black aliuawa Liverpool, ndege nyingine ilipoigonga yake ikiwa bado chini uwanjani. Aliyepita salama katika dhoruba nyingi alifia nchi kavu, siku yake ilipofika.

Mwaka 1942 Beryl alitoa kitabu cha maisha yake, West with the Night, ambacho kilisahauliwa mpaka kilipochapishwa tena mwaka 1983. Alikuwa amekwisha kurudi Kenya zamani, akafunza farasi tena, akafariki Nairobi mwaka 1986. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Wengine husema hakufika alikokusudia. Mimi nasema waulizeni kwanza upepo ulikuwa wapi.