Nadhiri kwa Mama, Kisha Hiari ya Moyo: Gandhi na Kuacha Nyama

Kila mwaka, majirani zetu wanapotutembelea mandirini siku za Diwali na kuketi nasi kula, huwapo mmoja anayetaka kujua iwapo sisi tumekatazwa nyama au hatuipendi tu. Swali hilo nimeulizwa pia dukani kwangu kwa zaidi ya miaka thelathini, na sijapata kuridhika na jibu nililolitoa. Kwa hiyo, katika kitabu hiki cha kumbukumbu ya mandir yetu, nimeona niyatumie maisha ya mtu anayejulikana na sote, wenyeji na wageni, yaani Mohandas Karamchand Gandhi. Wengi humkumbuka kwa safari ya chumvi na kwa gurudumu la kusokotea pamba. Wachache wanajua kwamba aliwahi kula nyama, kwamba aliila kwa siri, na kwamba alichukua miaka mingi kuiacha kwa hiari yake mwenyewe.

Alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1869 huko Porbandar, mji wa bandari katika Gujarat. Ukoo wake ulikuwa wa Bania, tabaka la wafanyabiashara. Na neno hilo ndilo lililovuka bahari likawa Banyani katika Kiswahili, jina tunaloitwa hata sisi tusio wa tabaka hilo. Baba yake alikuwa diwani, ndiyo kusema waziri mkuu, wa dola ndogo ya Porbandar, kisha wa Rajkot. Mama yake, Putlibai, alikuwa mtu wa ibada na saumu. Katika majira ya mvua aliweza kuweka nadhiri ya kutokula mpaka alione jua. Watoto walisimama nje wakilitazama anga, na mara jua lilipochomoza mawinguni walikimbia kumwita. Alipotoka, mara nyingi lilikuwa limekwisha kujificha, naye alirudi kwenye kazi zake bila kula, wala uso wake haukuonyesha uchungu. Mtoto aliyelelewa na mama wa namna hiyo hujua mapema kwamba nadhiri haina mlango wa nyuma.

Hata hivyo alianguka. Alipokuwa mwanafunzi Rajkot, vijana walikuwa na wimbo wa kejeli uliodai kwamba Mwingereza anamtawala Mhindi kwa sababu anakula nyama. Rafiki yake mmoja, mwenye nguvu na mbio, alimshawishi kwamba nyama ndiyo dawa ya unyonge. Gandhi hakumtaja rafiki huyo kwa jina katika sura hiyo ya kitabu cha maisha yake, nami nitamwacha vivyo hivyo. Kijana Mohandas alikuwa dhaifu wa mwili, akiogopa giza, mizimu na nyoka, na aliamini kwamba nchi yake itakombolewa siku Wahindi wote watakapokula nyama. Wakaenda mahali pa upweke kando ya mto wakiwa na mkate wa dukani na nyama ya mbuzi. Nyama ilikuwa ngumu kama ngozi, ikamshinda. Usiku ule hakulala. Kila alipofumba macho alidhani mbuzi mzima analia ndani ya tumbo lake.

Lakini aliendelea. Kwa muda wa mwaka mmoja hivi alikula karamu zipatazo sita za siri, na hatimaye akaanza kuvipenda vyakula vile. Kilichomsimamisha hakikuwa ladha wala huruma kwa mnyama. Kila aliporudi nyumbani akiwa ameshiba, mama alimwandalia chakula, naye alilazimika kusema kwamba tumbo halimpi raha. Uongo huo ulimwelemea. Akaamua kutoila nyama maadamu wazazi wake wangali hai, akijiwekea moyoni kwamba baada yao ataila hadharani. Nami niungame: nikiwa kijana wa sekondari nilikula mishkaki ya kando ya barabara, nikatafuna karafuu njia nzima, nikamwambia mama yangu kwamba nimetoka kucheza kriketi. Nilipousoma ukurasa ule wa Gandhi nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, na uso uliniwaka.

Mwaka 1888 ilikubaliwa aende Uingereza kusomea sheria. Baba alikwisha kufariki. Mama alikuwa amesikia kwamba vijana huko huharibika, akakataa. Mtawa mmoja wa Kijaini, Becharji Swami, ndiye aliyefungua njia: alimwapisha kijana mbele ya mama yake kwamba hatagusa pombe, wanawake wala nyama. Hapo Putlibai akaridhia. Wazee wa tabaka lake mjini Bombay hawakuridhia. Walimtenga kwa kuthubutu kuvuka bahari. Aliondoka tarehe 4 Septemba, bado hajatimiza miaka 19.

Huko London njaa ilimtesa. Asubuhi alipata uji wa shayiri, lakini mchana na usiku ni mchicha, mkate na jamu, naye aliona haya kuomba kipande cha tatu. Rafiki mmoja aliyekaa naye Richmond alimsomea hoja za wanafalsafa ili amwonyeshe kwamba nadhiri iliyotolewa kwa mama asiyejua kusoma, asiyejua hali ya Uingereza, haina uzito. Gandhi hakuweza kumshinda kwa hoja. Alijibu tu kwamba nadhiri ni nadhiri. Siku moja rafiki huyo alimpeleka katika mkahawa mkubwa wa Holborn, akitumaini kwamba mbele za watu kijana ataona aibu na kula. Supu ilipoletwa, Gandhi alimwita mhudumu ili aulize kama ina nyama. Rafiki alikasirika, akamwamuru atoke nje iwapo hawezi kuwa na adabu. Alitoka. Karibu na hapo palikuwa na mkahawa wa wasiokula nyama, lakini ulikuwa umefungwa, akalala bila kula.

Katika siku hizo zote, na hapa ndipo ningependa msomaji atulie kidogo, moyoni mwake Gandhi alikuwa bado mla nyama. Aliishika nadhiri kwa ajili ya mama, huku akiitazamia siku ambayo atakuwa huru. Alikuwa kama wengi wetu tusiokula kwa kuwa nyumbani hakupikwi.

Mabadiliko yalikuja katika mtaa wa Farringdon. Baada ya kutembea sana akitafuta chakula, aliukuta mkahawa wa wasiokula nyama. Karibu na mlango, nyuma ya kioo, palikuwa na vitabu vya kuuzwa. Alinunua kwa shilingi moja kitabu kidogo cha Henry Salt, Mwingereza aliyetetea ulaji usio wa nyama, kisha akaingia, akala mlo wa kwanza wa kushiba tangu afike Uingereza. Alikisoma kitabu chote. Tangu siku ile, kwa maelezo yake mwenyewe, hakuwa tena mtu aliyezuiwa na nadhiri, alikuwa amechagua. Ajabu ni kwamba kijana wa Kigujarati alifundishwa na Mwingereza thamani ya chakula cha mama yake.

Alijiunga na chama cha wasiokula nyama cha London, akawa mjumbe wa kamati yake, na katika mtaa wa Bayswater akaanzisha klabu ndogo ambayo yeye alikuwa katibu. Alikuwa mwoga wa kusema mbele ya watu, hata hotuba yake aliwahi kusomewa na mwingine. Kuna wakati alikula mayai, kwa kuwa wapo waliomwambia kwamba yai si nyama. Kisha akatambua kwamba maana ya nadhiri ni ile aliyokuwa nayo aliyeipokea, na kwa mama yake yai lilikuwa nyama. Akayaacha. Katika biashara tungesema mkataba husomwa kwa macho ya aliyekuamini.

Juni 1891, siku moja kabla ya kuondoka, aliwaandalia rafiki zake karamu ya kuagana isiyo na nyama, na mahali alipopachagua ni Holborn, mkahawa ule ule alikofukuzwa mezani. Alisimama kuhutubu, sentensi ya pili ikamkimbia, akashukuru na kuketi.

Aliposhuka Bombay ndugu yake alimpa habari iliyokuwa imefichwa: Putlibai alikuwa amefariki. Aliyepewa nadhiri hakuwapo tena kuipokea. Laiti ingekuwa ile ahadi ya Rajkot, siku hiyo mlango ulikuwa wazi.

Hakuupita. Mwaka 1893 alipokwenda Afrika Kusini, meli ilitia nanga Lamu, Mombasa na Zanzibar, ambako alikaa siku kadhaa akingojea chombo kingine. Kwa hiyo pwani yetu ilimpokea akiwa tayari mtu aliyejiamulia. Huko kusini mke wake Kasturba aliugua sana mjini Durban, na daktari akataka apewe mchuzi wa nyama ya ng'ombe. Gandhi hakutoa ruhusa, lakini alisema mgonjwa mwenyewe aulizwe, naye yuko huru kuunywa akitaka. Kasturba alikataa katakata, na ikabidi aondolewe hospitalini siku ya mvua akiwa hoi. Alipona. Mwaka 1910, katika shamba la Tolstoy karibu na Johannesburg, familia za Wahindu, Waislamu na Wakristo ziliishi pamoja. Gandhi alikuwa tayari kuwapatia nyama waliozoea kuila. Aliwauliza, nao kwa ridhaa yao wakakubali jiko lisilo na nyama. Ulipofika mwezi wa Ramadhani, wasio Waislamu nao walifunga ili wenzao wasijione peke yao.

Novemba 1931 alirudi London kwa mkutano wa kuijadili India, na chama kile cha ujana wake kikamwalika. Safari hii hakukosa maneno. Aliwaeleza kwamba anayeacha nyama kwa ajili ya afya peke yake hurudi nyuma afya ikitetereka, na akawataka wasiwadharau wanaokula. Upande wake wa kulia alikaa mzee wa miaka 80, Henry Salt, naye Gandhi aliwaambia waliohudhuria kwamba kitabu cha mzee huyo ndicho kilichompa sababu yake mwenyewe, mbali na desturi ya ukoo na mbali na nadhiri kwa mama.