Daktari Aliyekaa Chini Kuwatazama Watoto

Wako wazazi wa Shinyanga, Kahama na Geita wanaosononeka binti yao anaposema kwamba anakwenda kujifunza kazi ya chekechea. Wamelipa ada miaka mingi wakitumaini kumwona muuguzi, au karani wa mgodini, na sasa wadhani watampata yaya. Tena huuliza: mtu afundishweje jambo ambalo kila bibi wa Kisukuma alilijua bila cheti? Swali hilo si la kipumbavu. Twapenda leo kueleza maisha ya mwanamke ambaye jina lake limeandikwa juu ya milango ya chekechea nyingi za nchi yetu, na ambaye huenda aliwahi kuulizwa vivyo hivyo.

Maria Montessori alizaliwa tarehe 31 Agosti, mwaka 1870, katika mji mdogo wa Chiaravalle nchini Italia. Baba yake, mtumishi wa serikali, hakupendezwa binti yake alipotaka kusomea udaktari. Katika Chuo Kikuu cha Roma ilihesabiwa kuwa si adabu mwanamke apasue maiti pamoja na wanaume. Basi alifanya kazi hiyo peke yake, jioni, wenzake wakiisha kwenda zao. Mwaka 1896 alipata shahada, akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Italia kuwa madaktari.

Kazi yake ilimfikisha katika hospitali za wagonjwa wa akili, ambamo watoto wenye akili pungufu walifungiwa pamoja na watu wazima, wala hawakuwa na kitu cha kushika mikononi. Akasoma vitabu vya waganga wawili wa Ufaransa, Itard na Séguin, akaanza kuwapa watoto hao vitu vya kupanga na kugusa. Mwaka 1900 aliwekwa kuongoza shule ya watoto wa namna hiyo huko Roma, pamoja na daktari Giuseppe Montesano.

Hapa hapana budi kusema jambo ambalo vitabu vingine hulipita kimya. Tarehe 31 Machi, mwaka 1898, Maria alimzaa mtoto wa kiume, Mario, ambaye baba yake alikuwa Montesano huyo. Hawakuoana. Mtoto alipelekwa kwa watu wa shamba kulelewa, na mama yake alikuwa akimtembelea pasipo kujulikana kuwa ndiye mama. Alimchukua waziwazi baada ya mama yake mwenyewe kufariki mwaka 1912, Mario akiwa kijana wa miaka kumi na mitano hivi. Hatuandiki haya ili kumhukumu. Mabinti wangapi wa Kahama na Geita wamemwacha mtoto kwa bibi kijijini, wakaenda kutafuta riziki penye dhahabu? Hao wataelewa vema kuliko sisi jinsi mtu awezavyo kuwatazama watoto wa wengine kwa makini namna ile.

Siku ya Epifania, tarehe 6 Januari 1907, alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo, mtaa wa maskini wa Roma. Wenye majumba ndio waliomwita, nao hawakuwa na nia kubwa: wazazi walishinda kazini, na watoto wadogo, yapata hamsini, walizurura wakiharibu kuta na ngazi. Mlezi wa kwanza hakuwa mwalimu aliyesomea. Montessori hakumpa maneno mengi ya kufundisha. Alimtaka atazame, kisha amweleze.

Na waliyoyaona yaliwashangaza. Mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi alikuwa akitia vigogo vya mbao katika matundu yake, akivitoa na kuvirudisha. Montessori akawaambia wengine waimbe, mtoto hakugeuka. Akakiinua kiti chake na kukiweka juu ya meza; mtoto akavikumbatia vigogo vyake, akaendelea. Alirudia zaidi ya mara 40, kisha akaacha akiwa na uso wa furaha, kama aliyetoka usingizini. Siku nyingine kabati lilisahauliwa bila kufungwa, watoto wakajichagulia vitu wenyewe. Tangu hapo makabati yakawa mafupi na wazi. Siku nyingine tena aliwafundisha kupenga kamasi kwa adabu, nao wakampigia makofi. Kumbe walikuwa wamekemewa daima kwa ajili ya pua zao, wala hakuna aliyewaonyesha jinsi ya kuzisafisha.

Mwaka 1909, huko Città di Castello, aliwafundisha walimu kwa mara ya kwanza, watu wapatao mia moja. Mwanafunzi wa kazi hii hujifunza kuandaa chumba, kuonyesha kitu polepole kwa maneno machache, kisha kurudi nyuma na kuizuia mikono yake isimsaidie mtoto anayeweza mwenyewe. Hilo la mwisho ndilo gumu. Twadhani ndilo linalohitaji miezi ya mazoezi chini ya macho ya mlezi mzoefu.

San Lorenzo si mbali na kwetu kama idhaniwavyo. Katika mialo ya Nyarugusu na Rwamgasa mama huosha mchanga wa dhahabu na mtoto yu kando yake, karibu na karasha na zebaki. Mwaka 2013 wachunguzi wa haki za binadamu waliandika kwamba walikuta watoto wa miaka minane wakifanya kazi katika machimbo ya Geita, Chunya na Kahama. Mtoto wa miaka minane mwalo aliuzoea tangu alipokuwa na miaka mitatu.

Montessori alihamahama. Shule zake zilifungwa Italia baada ya kutopatana na serikali ya Mussolini. Mwaka 1936 vita vilimfukuza Hispania. Mwaka 1939 alikwenda India, na vita vikuu vikamweka huko hadi mwaka 1946, akifundisha walimu kwa mamia. Mario alikuwa naye. Tarehe 6 Mei 1952, huko Noordwijk nchini Uholanzi, akiwa na miaka 81, alikuwa akizungumza na mwanawe juu ya safari ya Afrika, kwenda Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, kufundisha walimu wa watoto wadogo. Mario aliona amezeeka mno kwa safari hiyo. Siku hiyohiyo alifariki.