Mwalimu Nyerere alivyochagua cha kusoma Edinburgh

Kila msimu wa maombi ya ufadhili unapofika, ujumbe unaoingia studio hubadilika. Zinapungua salamu, yanaongezeka maswali. Mzazi anauliza: kijana wangu amepata nafasi ya kwenda kusoma shahada ya uzamili ng'ambo, achague kozi gani, aende mji gani, na sisi tuliokuwa tunamtegemea tutaishije? Safari hii hatutajibu kwa kuwasomea majina ya vyuo. Tunawaletea habari za mtu ambaye sura yake mnaishika kila siku kwenye noti ya shilingi 1,000, ambaye naye aliwahi kusimama mbele ya maswali hayo hayo. Siasa za Mwalimu Julius Kambarage Nyerere zinafahamika kwa wengi. Miaka yake mitatu ya chuo kikuu huko Scotland haisimuliwi sana.

Kambarage alizaliwa Butiama, Aprili 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Mama yake, Mugaya Nyang'ombe, alikuwa mmoja wa wake wengi wa mtemi. Shule aliianza akiwa na miaka 12, Mwisenge, Musoma. Kutoka hapo akafaulu kwenda Tabora, na mwaka 1943 akaingia Makerere, Uganda. Baba yake alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.

Makerere ndiyo ilikuwa kilele cha elimu Afrika Mashariki, lakini siku hizo ilikuwa haijaanza kutoa shahada. Mwalimu alitoka na stashahada ya ualimu mwaka 1945. Hata hivyo alitoka pia na kitu ambacho hakikuandikwa kwenye cheti. Akiwa pale aliandika insha iliyoshinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki. Ndani yake alichukua mawazo ya mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill kuhusu kunyimwa haki kwa wanawake, akayaweka juu ya maisha ya wanawake wa Kizanaki, wanawake kama mama yake. Tunaomba msikilizaji ailaze hiyo pembeni. Tutaihitaji mbele.

Mwaka 1946 alianza kufundisha shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, iliyokuwa chini ya mapadri. Masomo yake yalikuwa mawili, biolojia na historia. Mkuu wake, Padri Richard Walsh, aliona kwamba kijana huyu hajamaliza kusoma, akamsukuma afanye mtihani wa kuingilia Chuo Kikuu cha London. Akaufaulu. Kilichobaki ni fedha, na aliyekuwa nazo ni serikali ya kikoloni, kupitia mfuko wa maendeleo na ustawi wa makoloni.

Aliomba mara ya kwanza, akakosa. Akaomba tena, akapata, mwaka 1949. Tunalitaja hili kwa makusudi kwa sababu kuna vijana huku kwetu wanaonyimwa mara moja wanakunja karatasi na kuziweka juu ya kabati.

Sasa ufadhili umekuja, na hapo ndipo ugumu ulipoanza. Mwalimu alisita kuondoka. Mshahara wake wa ualimu haukuwa wake peke yake, mama yake na wadogo zake walikuwa wakiutazamia. Kuwa mwanafunzi tena maana yake ni kuacha kuwa mtu wa kutuma fedha nyumbani. Alikuwa na miaka 27, umri ambao kwa Wazanaki wa wakati ule mtu anahesabiwa kuwa na mji wake. Tena alikuwa na mchumba, Maria, mwalimu mwenzake kutoka upande huu huu wa ziwa, ambaye ilibidi asubiri miaka mitatu. Watu wakisimulia habari za wakubwa hupita hapa haraka, kana kwamba mtu akipewa nafasi ya Ulaya huruka kwa furaha. Huyu alipima kwanza.

Aprili 1949 aliondoka Dar es Salaam kwa ndege, akatua Southampton, Uingereza, kisha akapanda kwenda Edinburgh, mji mkuu wa Scotland. Ni mji wa mawe, wenye ngome juu ya mwamba, upepo wa bahari na baridi. Chuo kikuu chake kilikuwa tayari na miaka zaidi ya 360. Asifikirie mtu kwamba alikwenda kwenye neema tupu. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha miaka minne nyuma, na Waingereza walikuwa bado wanauziwa nyama, sukari na chai kwa mgao. Wanafunzi Waafrika kutoka makoloni ya Afrika Mashariki waliokuwa Scotland mwaka ule walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Masomo aliyoanza nayo yalikuwa ya maandalizi: kemia na fizikia, pamoja na Kiingereza cha kiwango cha juu. Mtu aliyefundisha biolojia miaka mitatu, akiwa na kemia na fizikia mkononi, mlango wa sayansi ulikuwa wazi mbele yake. Na ukitazama hali ya Tanganyika wakati ule, sayansi ingeonekana ndiyo busara. Huko Kongwa na Nachingwea serikali ya Uingereza ilikuwa ikimwaga mamilioni ya pauni kwenye mradi wa karanga, na neno lililovuma lilikuwa maendeleo ya kitaalamu. Mhitimu wa sayansi angerudi nyumbani akakuta kazi inamngoja.

Oktoba 1949 Mwalimu akaingia Kitivo cha Sanaa.

Hapa tufafanue mambo mawili, maana yote yanawachanganya wasikilizaji. La kwanza, sanaa kwa lugha ya vyuo si ngoma wala uchoraji peke yake. Ni fasihi, historia, falsafa, uchumi, elimu ya jamii na kadhalika. La pili ni jina la shahada yenyewe. Mwalimu alisomea shahada inayoitwa M.A., na huku kwetu tukisikia M.A. tunasema uzamili, digrii ya pili. Kwenye vyuo vikuu vya kale vya Scotland sivyo. Kule M.A. ya sanaa ni digrii ya kwanza, anaichukua kijana anayetoka sekondari, na desturi hiyo ipo mpaka leo. Kwa hiyo wanaosema Mwalimu alikwenda Edinburgh kusoma uzamili wanasema kweli kwa jina la cheti, ila kwa ngazi ya masomo ilikuwa shahada ya kwanza. Mzazi ambaye kijana wake analetewa tangazo la chuo cha nje aangalie jambo hilo: jina la digrii halitoshi, aulize inadai mtu awe amesoma nini kabla ya kuingia, na itatambuliwaje akirudi.

Ndani ya shahada hiyo kulikuwa na uchaguzi mwingine. Kuna njia iliyoheshimiwa zaidi, ya miaka minne, ambayo mwanafunzi huchimba somo moja au mawili. Na kuna njia ya kawaida, ya miaka mitatu, ambayo mwanafunzi hugusa masomo mengi. Mwalimu alihitimu kwa njia ya kawaida. Wanaopenda vyeo vya vyeti wangeiona ndogo. Sisi tukitazama alichosoma tunaona ilimfaa kuliko ile nyingine.

Mwaka wa kwanza alisoma fasihi ya Kiingereza, uchumi wa kisiasa, na anthropolojia, yaani elimu ya jamii na desturi zake. Mwaka wa pili alisoma historia ya uchumi na historia ya Uingereza. Mwaka wa tatu, sheria ya katiba na falsafa ya maadili.

Hebu iangalie hiyo orodha kwa macho ya kijana wa Butiama. Kwenye anthropolojia anakutana na Wazungu wanaoandika vitabu kuhusu watu wa vijiji kama chake. Kwenye historia ya Uingereza anasoma jinsi madaraka yalivyotoka mikononi mwa wafalme, karne kwa karne, kwenda kwa bunge, na yeye ni mtoto wa mtemi aliyetawala kwa idhini ya mkoloni. Kwenye uchumi anajifunza mali inatoka wapi na inagawanywaje, na mwaka 1951, akiwa bado darasani, ule mradi wa karanga wa nyumbani kwao unatangazwa kuwa umekufa. Kwenye sheria ya katiba anasoma serikali inapata wapi haki ya kutawala. Na kwenye falsafa ya maadili anarudi kwenye swali lile la insha ya Makerere: mtu mmoja ana haki gani ya kumweka mwenzake chini?

Ndiyo maana tulisema ile insha iwekwe pembeni. Mtu huyu hakwenda Edinburgh kutafuta la kufikiri. Alikwenda nalo, akachagua masomo yanayolihusu.

Alama zake hazikuwa za kutisha. Alifaulu masomo yote, basi, na walimu wake walimwona mwanafunzi mchangamfu darasani. Katika darasa lile kulikuwa na Waskoti waliompita kwa alama ambao majina yao leo hayajulikani hata kwao. Baadaye katika maisha yake, Mwalimu alieleza kwamba alichokipata zaidi Edinburgh ni nafasi ya kufikiri, na kwamba msimamo wake wa siasa aliujenga akiwa kule. Mwalimu wa shule mwenye vipindi kutwa na ndugu wa kulisha hapati nafasi hiyo kwa urahisi.

Mji nao ulifundisha. Makanisa ya Scotland yalikuwa na misheni za miaka mingi Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, na Waskoti wengi walikuwa wakifuatilia mambo ya huko. Miaka hiyo serikali ya Uingereza ilitaka kuziunganisha Nyasaland na Rhodesia mbili kuwa shirikisho, jambo ambalo Waafrika wa huko walilipinga kwa kuona litawaweka chini ya walowezi. Edinburgh kulikuwa na mikutano ya kulipinga, na Mwalimu alihudhuria na kuzungumza. Mwaka 1951 kukaja habari za Ghana, wakati huo ikiitwa Gold Coast: Kwame Nkrumah ametoka gerezani moja kwa moja kwenda kuongoza serikali. Habari hiyo iliwagusa wanafunzi Waafrika popote walipokuwa. Mwalimu mwenyewe akaandika maandishi marefu kuhusu tatizo la ubaguzi wa rangi Afrika Mashariki. Kama angepelekwa mji usiojali habari za Afrika, darasa lingekuwa lile lile lakini elimu ingepungua nusu. Hayo ni maoni yetu.

Fasihi ya Kiingereza nayo haikupotea. Akiwa rais, katikati ya kazi za Ikulu, alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Shule nyingi zimezisoma.

Julai 1952 alitunukiwa shahada yake, akiwa miongoni mwa Watanganyika wa kwanza kabisa kupata shahada nje ya Afrika. Alikaa Uingereza miezi michache akitembelea shule na vyuo, kisha akapanda meli na kufika Dar es Salaam mwezi Oktoba. Akapanda treni mpaka Mwanza, akavuka kwa meli ya ziwani hadi Musoma. Nyumbani alifanya jambo lililowashangaza wanakijiji: msomi wa Ulaya alivua viatu, akakanyaga udongo na kufyatua matofali kwa ajili ya nyumba yake. Januari 1953 akafunga ndoa na Maria aliyemngoja.

Kazi aliyoipata ni ualimu wa historia, Pugu, karibu na Dar es Salaam. Aliyeondoka mwalimu akarudi mwalimu, na kwa kipimo cha wengi mtu angesema miaka mitatu imekwenda bure. Lakini mwaka huo huo wa 1953 akachaguliwa rais wa chama cha Waafrika wa Tanganyika, TAA, na tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kikageuzwa kuwa TANU. Tanganyika haikuwa koloni la kawaida, ilikuwa nchi iliyowekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na Uingereza ilipaswa kutoa hesabu huko. Machi 1955, kwa nauli iliyochangwa, Mwalimu alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini akieleza kwa nini nchi hii ni ya kuongozwa na Waafrika wenyewe. Hoja zake zilikuwa za sheria, historia na maadili.

Aliporudi aliambiwa achague kati ya shule na siasa. Mwezi huo huo akaandika barua ya kuacha kazi, akiwa na mke na watoto, bila mshahara. Akarudi huku kwetu Musoma, na kwa miezi kadhaa mwenye digrii ya Edinburgh akawa anapata riziki yake kwa kumfundisha padri mmoja wa shirika la Maryknoll lugha ya Kizanaki.