Admirali Tryon: Amri iliyozamisha manowari yake

ADMIRALI George Tryon wa Jeshi la Wanamaji la Uingereza angali akikumbukwa kila utii wa kijeshi unapojadiliwa.

Tryon alizaliwa mwaka 1832 na kujiunga na jeshi hilo mwaka 1848. Mwaka 1891 alikabidhiwa uongozi wa manowari za Bahari ya Mediterania, ambako aliwafundisha manahodha wake kutumia akili zao bila kungoja ishara kwa kila hatua.

Juni 22, 1893, wakati wa amani, manowari hizo zilikuwa mazoezini karibu na Tripoli, katika Lebanon ya leo, zikienda kwa safu mbili. Tryon aliamuru safu zigeuke kwa kuelekeana, ilhali nafasi baina yake, mita 1,100 hivi, haikutosha. Msaidizi wake, Albert Markham, alisita. Tryon akamhimiza kwa ishara mbele ya wote, naye akatii. Manowari Camperdown ikaitoboa Victoria, iliyombeba Tryon, nayo Victoria ikazama kwa takriban dakika 13.

Watu 358 walikufa, Tryon akiwamo. Mahakama ya kijeshi iliyoketi Malta ilimtwika yeye lawama. Aliowafundisha kujiamulia hawakuthubutu kumpinga siku hiyo.