Kitereza: Alimaliza kitabu 1945, akafariki bila kukishika

Wewe wa Micheweni, msome huyu mzee wa kisiwani mwenzio.

Aniceti Kitereza alizaliwa 1896 Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria. Alisoma seminari ya Rubya, Bukoba, akajua hadi Kilatini. Lakini maisha yake yalikuwa ya kijijini Kagunguli, na mkewe Anna Katura.

Aliona vijana wanasahau mila na lugha yao. Akaamua kuandika. Mwaka 1945 alimaliza riwaya ndefu kwa Kikerewe: Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka wanahangaika kupata mtoto. Wakwe wanamchukua binti yao, na ili arudishiwe mke, Myombekere anatozwa pombe ya ndizi. Kilimo, dawa za miti shamba, ndoa, vyote vimo.

Uchungu huo aliujua. Yeye na Anna hawakubaki na mtoto hata mmoja.

Shida ikawa kuchapisha. Wasomaji wa Kikerewe ni wachache, mswada ukakaa tu miaka na miaka. Mwishoni mwa miaka ya 1960, watafiti Gerald na Charlotte Hartwig kutoka Marekani wakamshauri akitafsiri Kiswahili. Mzee, viungo vinamuuma, akaifanya kazi yote mwenyewe.

Tanzania Publishing House wakakitoa, kikapigwa chapa China. Mwaka 1981 Kitereza akafariki, nakala hazijamfikia.

Leo kinasomwa hadi kwa Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani.

Na hadithi za bibi yako? Simu unayo. Kamrekodi leo.