Mmarekani aliyefanya tela lijifunge breki lenyewe

KAMA wewe ni mfanyabiashara wa mpakani, au unajiandaa kurudi nyumbani Burundi au Kongo kwa barabara, bila shaka umeshapanda lori. Basi leo nakuletea maisha ya George Westinghouse, Mmarekani aliyefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita. Nilianza kumfuatilia baada ya kukwama Madisi.

Tulikuwa tunatoka Songwe kwenda Lilongwe. Kwenye mteremko karibu na Madisi tukasikia mlio mkali wa upepo, tela likajifunga magurudumu katikati ya barabara. Bomba jekundu la upepo lilikuwa limepasuka. Akina mama wawili wa Dzaleka, waliokaa juu ya marobota yao ya vitenge, wakaanza kumlaumu dereva. Utingo akachukua spana, akataka kuufungua mtungi wa upepo wa tela ili magurudumu yalegee tusogee pembeni. Fundi aliyekuja kwa baiskeli akamshika mkono, akaagiza mawe yawekwe kwanza chini ya matairi. Sikuelewa kwa nini.

Westinghouse alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1846 katika jimbo la New York. Baba yake alikuwa na karakana ya zana za kilimo, na kijana huyo alikulia humo. Mwaka 1866 alikuta treni mbili za mizigo zimegongana. Madereva walikuwa wameonana mapema, ila hawakuwa na njia ya kusimama upesi. Enzi hizo wafungaji breki walikimbia juu ya mapaa ya mabehewa, wakizungusha usukani wa breki kwa mkono, behewa moja baada ya jingine. Wengi walianguka wakafa.

Alijaribu kufikiria mvuke, haukufaa. Kisha akasoma kwamba huko milima ya Alps watu walikuwa wanatoboa handaki kwa mashine za upepo uliosindikwa. Mwaka 1869, akiwa na miaka 22, akapata hataza ya breki ya upepo. Inasimuliwa kuwa katika safari ya kwanza kabisa, mwenye mkokoteni wa farasi alikutwa juu ya reli. Treni ikasimama hatua chache kabla ya kumfikia.

Lakini breki ile ilikuwa na kasoro kubwa. Upepo ulitoka kwenye injini kwenda kusukuma breki, hivyo bomba likikatika, breki hamna. Mwaka 1872 akaligeuza jambo lote kichwa chini miguu juu. Bomba likae limejaa upepo muda wote, na kila behewa liwe na mtungi wake na vali yake. Upepo wa bomba ukipungua, vali inafungua mtungi, na breki zinakamata zenyewe.

Umuhimu wake ulionekana pale ilipokosekana. Huko Armagh, Ireland, mwaka 1889, mabehewa yaliyoachanishwa na injini mlimani yalirudi nyuma yakaua watu wapatao 80. Breki zake hazikuwa za kujifunga zenyewe. Uingereza ikatunga sheria mwaka huohuo. Nasi tunaikumbuka Igandu, mkoani Dodoma, Juni 2002, treni ya abiria iliporudi nyuma mteremkoni na kugonga ya mizigo. Walikufa watu 281.

Tatizo lingine lilikuwa urefu. Katika majaribio ya Burlington, Iowa, mwaka 1886 na 1887, treni za mabehewa 50 zilifunga breki mbele huku nyuma bado zinasukuma. Akaitengeneza upya vali ili kila behewa liharakishe habari kwenda kwa linalofuata. Kwenye lori la leo shida hiyo ya umbali inatatuliwa na vali ya rilei iliyo karibu na ekseli za nyuma. Dereva akikanyaga, upepo kidogo tu unakwenda kuiamuru, nayo inafungulia upepo mwingi kutoka mtungi wa jirani. Kwenye tela vali hiyo mara nyingi huunganishwa na ya dharura: bomba jekundu likikatika, inatoa upepo wa mtungi wa tela kufunga magurudumu.

Hapo ndipo nilipomwelewa fundi. Tela letu lilikuwa la zamani, lisilo na breki za springi. Upepo wa mtungini ndio pekee uliokuwa umeyashika magurudumu, na kijana alitaka kuutoa wote tukiwa mteremkoni, mama zetu wakiwa juu.

Westinghouse aliingia pia kwenye umeme, akatajirika, na mwaka 1907 misukosuko ya fedha ikamnyang'anya usimamizi wa kampuni yake. Alifariki tarehe 12 Machi 1914. Mwaka 1893 alikuwa ameshuhudia Marekani ikiyalazimisha mashirika ya reli kwa sheria kutumia breki za treni zinazoongozwa na dereva mwenyewe.

Fundi alibadilisha bomba, injini ikaachwa iungurume hadi mitungi ikajaa. Tela likapumua, magurudumu yakalegea. Utingo aliyaondoa mawe, akayapakia nyuma ya kabini, tukaendelea na safari.